Kikomando cha Marekani: historia ya burito na mikono inayoikunja

Leo tunapumzika kidogo na maneno ya mgao na ya vita ya kwetu. Tunaandika juu ya chapati. Ni chapati moja kubwa ya Mexico ambayo siku hizi inauzwa katika maelfu ya migahawa ya Marekani. Wenzetu waliosafiri kwenda Colorado, Texas na Kentucky wanatutumia picha zake: kitu kinene, kimefungwa ndani ya karatasi ya alumini, kimekatwa katikati, unaona wali na maharage ndani. Chini wanaandika "kikomando cha huku". Watu wanacheka na mambo yanaisha hapo. Sisi tulitaka kujua zaidi. Tulipoanza kusoma tukakuta ni historia ya watu wa kuvuka mpaka na kuulizwa karatasi kila siku, yaani watu ambao sisi tunawafahamu vizuri sana.

Kwa wenzetu wa Nyarugusu na Kakuma ambao hawajafika huku Uganda: kikomando ni chapati iliyokatwa vipande vipande na kumwagiwa maharage ya moto. Ndicho chakula cha kijana mwenye pesa kidogo na njaa nyingi. Halafu kuna roleksi, chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, nyanya na kitunguu. Sasa chukua maharage ya kikomando, acha chapati nzima usiikate, ongeza wali, nyama, kachumbari, avoka na jibini, halafu kunja kama roleksi lakini ziba pia miisho miwili ili kitu kisitoke. Hapo uko na burito.

Mgahawa uliojulikana zaidi kwa kitu hiki unaitwa Chipotle. Hauko kama hoteli ya kukaa mezani na kungoja mhudumu, na pia hauko kama vile vya kupewa mkate wa nyama uliokwisha kutengenezwa zamani. Uko katikati. Unaingia, unapanga mstari mbele ya kaunta ndefu yenye kioo, na nyuma ya kioo kuna vyombo vya chuma vilivyojaa chakula cha moto na cha baridi. Mfanyakazi wa kwanza anapasha tortila, ndiyo hiyo chapati, halafu anakuuliza: wali mweupe au wa kahawia? Maharage meusi au yale ya madoadoa? Unasogea hatua moja, chakula chako nacho kinasogea upande wa pili wa kioo. Anakuja wa nyama. Anakuja wa kachumbari, krimu na jibini. Avoka ya kuponda wanaiita guacamole, na hiyo ukiitaka juu ya nyama unaongeza pesa, kwa hiyo usiitikie tu "ndiyo, ndiyo" kwa kila swali kwa sababu ya aibu ya Kiingereza. Ndugu zetu Waislamu na Waadventista, ile inayoitwa carnitas ni nguruwe. Mwishoni mtu mmoja anakunja, anafunga karatasi, unalipa. Wanaosema ndani ya dakika chache umekwisha kupata chakula wanasema kweli.

Namna ya kula nayo ina maana. Dada mmoja wa kwetu alifungua karatasi yote mara moja, na wali wote ukamalizikia kwenye gauni. Ile karatasi ndiyo sahani. Unachana juu kidogo, unakula, unachana tena.

Tuanze na vitu vilivyomo ndani, maana hapo ndipo tulishangaa kwanza. Angalia mgao wetu wa kambini, ule wa siku zilipokuwa nzuri: unga wa mahindi, maharage, mafuta. Mahindi ni ya Mexico. Miaka kama 9,000 iliyopita wakulima wa kusini ya nchi ile walichukua aina ya nyasi ya porini, wakawa wanachagua mbegu kubwa kizazi baada ya kizazi mpaka ikawa hindi. Maharage haya tunayopika pia asili yake ni kule, Mexico na milima ya Andes. Nyanya, pilipili na avoka ni hivyohivyo. Wareno walileta mahindi Afrika baada ya mwaka 1500, na babu zetu wakayapa jina kana kwamba yametoka India. Mtu anayekula posho na maharage Nakivale anakula mimea ya wakulima wa Mexico bila kujua. Hata jina Chipotle limetoka kwenye lugha ya Nahuatl, lugha ya watu waliokuwa huko kabla ya Wahispania, na maana yake ni pilipili iliyokaushwa kwa moshi.

Vitu vingine vya ndani vilifika na meli. Wahispania walitua mwaka 1519, na mwaka 1521 mji mkuu wa Waazteki ukaanguka. Pamoja na bunduki na magonjwa walikuja na ngano, mchele, ng'ombe, nguruwe, kitunguu na dania. Tortila ya zamani ilikuwa ya mahindi, na mpaka leo sehemu kubwa ya Mexico wanakula ya mahindi. Lakini kaskazini, majimbo kama Sonora na Chihuahua, ni nchi kavu na ngano inakubali vizuri. Huko ndiko chapati ya ngano ilipozoeleka, laini na inayokunjika bila kupasuka. Inafaa kwa mtu wa safari.

Neno burito maana yake ni punda mdogo. Kwa nini punda? Katika mji wa Ciudad Juárez wanasimulia juu ya mtu aitwaye Juan Méndez, kwamba wakati wa mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 alikuwa anauza chakula kwa kutumia punda, akakifunga ndani ya tortila kubwa kisipoe, na wateja wakakiita chakula cha kapunda. Hadithi ni tamu, lakini ina shida: kamusi moja ya maneno ya Mexico iliyochapishwa mwaka 1895 tayari ina neno burito kwa maana ya tortila iliyokunjwa na nyama ndani. Yaani neno lilikuwepo miaka 15 kabla ya mapinduzi. Sisi tunaona Méndez apewe heshima yake kama muuzaji, ila uvumbuzi ni wa mama nyingi ambao hakuna aliyeandika majina yao. Chapati ya kwetu nayo nani aliivumbua? Ilienea na Wahindi, wakiwemo wale walioletwa kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896, na leo mama wa Bukavu anaipika kama ni ya bibi yake.

Sasa mpaka. Kati ya mwaka 1846 na 1848 Marekani na Mexico zilipigana. Tarehe 2 Februari 1848 mkataba ulitiwa sahihi mahali paitwapo Guadalupe Hidalgo, na Mexico ikapoteza karibu nusu ya nchi yake: California, Nevada, Utah, sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico, na kipande cha Colorado. Watu waliolala Mexico waliamka Marekani, wako palepale na mbuzi zao. Wajukuu wao wana msemo kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliwavuka. Sisi wa Kivu hayo maneno hatuhitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo watu waliendelea kwenda na kurudi, na chakula chao nacho kikaenda na kurudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanaume wengi wa Marekani walikuwa jeshini au viwandani, mashamba yakakosa mikono. Mwaka 1942 serikali mbili zikakubaliana kuleta wafanyakazi wa Mexico kwa mkataba. Waliitwa braceros, kutoka neno la Kihispania la mkono. Hebu fikiria, serikali inakuita na jina lako ni Mkono. Programu ile ilidumu mpaka mwaka 1964, na mikataba ilifika kama milioni 4 na laki 6, maana wengi walikwenda zaidi ya mara moja.

Hapa tulikaa muda mrefu kidogo tukisoma, kwa sababu kuna mambo ambayo yanafanana na yetu mpaka inaumiza. Kwenye vituo vya kupokelewa walipangwa mstari wakiwa uchi, wakakaguliwa mikono kama ina sugu ya kazi, na wengi wakapuliziwa dawa ya DDT, ile ya kuua wadudu. Kuna picha zake zilizopigwa mwaka 1956. Katika miaka ya kwanza asilimia 10 ya mshahara ilikatwa, eti ni akiba watakayopewa wakirudi kwao, na wengi hawakuiona tena. Wazee walikuwa bado wanaidai miaka 60 baadaye. Mashambani California walilima kwa jembe la mpini mfupi ambalo linamlazimisha mtu kuinama siku nzima. Na mwaka 1954, wakati programu bado inaendelea, serikali ileile ilifanya operesheni ya kukamata na kurudisha mamia ya maelfu ya Wamexico, na jina la operesheni lilikuwa tusi. Mlango mmoja unaita, mwingine unafukuza, na nyumba ni moja.

Chakula cha mchana shambani kinatakiwa kiwe cha kubeba mfukoni na kula bila sahani wala kijiko. Burito ya maharage ilifaa kabisa. Kwa njia hii ilizoeleka California yote ya kilimo, kisha ikaingia mjini.

Mji wenyewe ni San Francisco, mtaa wa Mission. Mwaka 1961 mwenye duka mmoja aitwaye Febronio Ontiveros, wa duka la El Faro, alianza kuuza burito kubwa. Yeye alisimulia kwamba wa kwanza walikuwa wazima moto waliokuja kutafuta mikate ya kujaza tumbo, na kwa kuwa hakuwa na tortila kubwa siku hiyo aliunganisha ndogo tatu. Mwaka 1969 mgahawa wa La Cumbre nao ukaanza zake, na mpaka leo watu wanabishana nani wa kwanza. Hatutaingia kwenye ugomvi huo. Kilicho muhimu ni kwamba hapo Mission ndipo burito ilipopata umbo la picha zile: kubwa sana, wali ndani, karatasi ya alumini nje, na kaunta ambapo mteja anaonyesha kwa kidole anachotaka.

Lakini ni nani waliokuwa wanaishi Mission? Katika miaka ya 1980 walifika wakimbizi wengi wa El Salvador na Guatemala, nchi ambazo majeshi yalikuwa yanaua raia vijijini. Marekani ilikuwa inasaidia serikali ya El Salvador kwa silaha na pesa, kwa hiyo ilikuwa vigumu kwake kukubali kwamba raia wa pale wanakimbia kitu. Mwaka 1984 Wasalvador walioomba hifadhi walikubaliwa chini ya 3 kwa kila 100. Waliobaki hawakurudi kufa. Walibaki bila karatasi, na mtu asiye na karatasi mji mkubwa kama ule anapata kazi wapi? Jikoni. Anaosha sahani, anakata vitunguu, anakunja. Wenzetu waliokaa Kampala bila vibali wanajua jiko la nyuma likoje.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kijana mmoja mpishi alikuwa anakwenda kula Mission. Jina lake Steve Ells, alikulia Colorado, alisoma historia ya sanaa chuo kikuu, halafu akaenda shule kubwa ya upishi jimbo la New York. San Francisco alifanya kazi katika mgahawa wa heshima ulioitwa Stars. Ndoto yake ilikuwa kufungua mgahawa wa heshima kama huo, na akahesabu kwamba duka dogo la burito litampa pesa za kufikia ndoto. Aliangalia mstari wa watu, akaangalia muda ambao kila mmoja anahudumiwa, akapiga hesabu.

Tarehe 13 Julai 1993 alifungua Chipotle ya kwanza Denver, karibu na chuo kikuu, ndani ya jengo lililokuwa duka la aiskrimu. Mtaji ulikuwa dola 85,000 alizokopeshwa na baba yake. Yeye na baba yake walihesabu kwamba wakiuza burito 107 kwa siku watapata faida. Baada ya kama mwezi walikuwa wanauza zaidi ya 1,000 kwa siku. Ule mgahawa wa heshima wa kwenye ndoto akausahau.

Kwenye kikundi chetu tulibishana hapa. Wengine walisema alichukua chakula cha watu. Wengine, na mimi mwandishi niko upande wao, tunasema chakula hakina mwenyewe: alikula, akapenda, akapika kwa namna yake, akaweka dania na ndimu kwenye wali, hakuna dhambi. Ila tuangalie ile dola 85,000. Hapo Mission kulikuwa na mama na baba waliojua burito miaka 20 kabla yake. Walikuwa na mikono na wateja. Kitu kilichokosekana ni baba wa kukopesha, benki ya kufungua mlango, na karatasi ya kusajili biashara kwa jina lako bila kuogopa. Nyinyi wa mashirika mnaotufundisha ujasiriamali, siku tatu, daftari na kalamu na cheti, tunawashukuru kweli. Mama wa chapati wa zone yetu ana vyeti vinne. Mtaji wake bado ni ndoo moja ya unga.

Mwaka 1998 kampuni ya McDonald's iliweka pesa, wakati Chipotle ilikuwa na migahawa 16. Baadaye ikawa ndiyo mmiliki mkubwa. Miaka 7 tu mbele migahawa ilikuwa zaidi ya 500. Tarehe 26 Januari 2006 hisa ziliingia sokoni kwa dola 22 kila moja, na jioni ya siku hiyohiyo zilikuwa dola 44. Mwaka huohuo McDonald's ikatoka: iliweka kama dola milioni 360, ikaondoka na bilioni 1 na nusu. Haya ni mambo ya watu wakubwa, tuyaache.

Turudi nyuma ya kioo. Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria inayomkataza mwajiri kumwajiri mtu asiye na ruhusa ya kufanya kazi. Tangu hapo kila mfanyakazi mpya anajazwa fomu iitwayo I-9 na anaonyesha vitambulisho. Miaka mingi waajiri waliangalia fomu juujuu. Ukileta kadi inayofanana na kadi, unaanza kazi kesho, maana vitunguu haviwezi kungoja. Baada ya mwaka 2009 serikali ilibadilisha namna. Badala ya polisi kuvamia jikoni na pingu, wakaguzi wa uhamiaji walikuwa wanaomba mafaili ya kampuni, wanalinganisha namba, kisha wanaiambia kampuni: hawa na hawa karatasi zao si sawa. Kampuni yenyewe ndiyo inafukuza. Watu waliita uvamizi wa kimya.

Mwishoni mwa mwaka 2010 zamu ilikuwa ya Chipotle jimbo la Minnesota. Watu wapatao 450 walipoteza kazi katika jimbo hilo moja. Wengine walikuwa na miaka kadhaa pale, wamepanda vyeo, wanafundisha wapya. Mwanzoni mwa 2011 wafanyakazi na waliowaunga mkono waliandamana Minneapolis. Hakuna aliyepigwa, hakuna picha ya kutisha. Unafika kazini, unaitwa ofisini, unaambiwa leo ni mwisho. Kampuni ilisema inatii sheria, na ukisoma sheria utaona ni kweli inailazimisha. Lakini tujiulize kwa nini hesabu ya mwaka 1993 ilitoka vizuri namna ile. Burito 1,000 kwa siku hazijikunji. Faida ya miaka yote ile ilipita kwenye mikono ambayo siku karatasi zilipoulizwa haikuhesabiwa tena kama mikono ya nyumba.

Kuna na habari ya nyanya. Wavunaji wa nyanya wa Immokalee, jimbo la Florida, wengi wao kutoka Mexico, Guatemala na Haiti, walianzisha umoja wao na kudai kitu kidogo: kampuni zinazonunua nyanya ziongeze senti moja kwa kila ratili, iende kwa mvunaji, na zikubali kutonunua kwa mashamba yanayodhulumu watu. Taco Bell ilikubali mwaka 2005 baada ya kususiwa. McDonald's ilikubali mwaka 2007. Chipotle, ambayo ilikuwa inajitangaza kila mahali kwamba chakula chake ni chakula chenye uadilifu, ng'ombe wake wamelelewa vizuri, nguruwe wake wanatembea malishoni, ilikawia mpaka Oktoba 2012. Mtu mmoja wa kikundi chetu aliuliza: kwa hiyo nguruwe alifikiriwa kabla ya mvunaji? Ni maneno makali, lakini ukiangalia tarehe, jibu unaliona. Tuseme pia jambo la haki: ilipotia sahihi ilitia sahihi, na wavunaji wale ambao wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura waliweza kuzifikisha mezani kampuni kubwa hivyo. Kwetu hilo ndilo somo la kusoma mara mbili.

Wenzetu wa usafi na maji, hii ni yenu. Mwaka 2015 ulikuwa mbaya kwa Chipotle. Bakteria ya E. koli iliwapata watu 60 katika majimbo 14, na mpaka wachunguzi walipofunga faili Februari 2016 hawakupata ni chakula gani hasa kilichoileta. Lakini kisa cha Boston cha Desemba 2015 chanzo chake kilijulikana. Msimamizi mwanafunzi alitapika ndani ya mgahawa akiwa kazini, na badala ya kurudishwa nyumbani akaambiwa aendelee na kazi, kinyume na kanuni za kampuni yenyewe. Siku mbili baadaye alisaidia kufunga chakula cha timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha pale. Watu zaidi ya 100 waliugua. Mwaka 2020 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 25, faini iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimetolewa Marekani mpaka wakati huo kwa kesi ya usalama wa chakula. Sisi tunaofundisha kunawa mikono kwenye foleni za kipindupindu tunajua kanuni ya ukutani ni kitu kimoja, na bosi anayekosa watu wa zamu ni kitu kingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kiongozi mpya alikuja mwaka 2018, watu wakaanza kuagiza kwa simu, migahawa ikapita 3,500. Mwaka 2022 wafanyakazi wa tawi moja la Lansing, Michigan, walipiga kura kuunda chama cha wafanyakazi, wa kwanza katika kampuni nzima, na mwaka huo New York kampuni ilikubali kulipa mamilioni ya dola kwa wafanyakazi waliokuwa wanabadilishiwa zamu ghafla. Mwaka 2024 ilifungua Kuwait, kisha Dubai. Vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda Ghuba kutafuta kazi za hoteli huenda wakakutana na mstari ule ule kule.

Sasa kwa nini tumeandika yote haya. Wengi wetu tuko na faili ya kusafiri, au tulikuwa nayo. Wakongomani tulikuwa miongoni mwa wengi zaidi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi miaka hii kumi iliyopita. Anayefika kwa njia hiyo, sheria inamruhusu kufanya kazi tangu siku anaposhuka ndege. Ile karatasi ya kuingilia iitwayo I-94 inaonyesha hivyo, na mwajiri anaweza kuipokea kwenye I-9 wakati unangoja kadi zako. Itunze kuliko simu. Kuna dada wa kwetu anayefanya kazi kwenye mgahawa mmoja wa burito, jimbo hatulitaji. Anasema aliyemfundisha kukunja ni mama wa Honduras. Mama huyo hajui Kiswahili, dada hajui Kihispania, walielewana kwa mikono: vuta upande huu, bana, ingiza vidole, zungusha. Siku ya kwanza alipasua saba. Anasema yule mama kila akiona gari lenye rangi fulani limeegeshwa nje ananyamaza.

Januari 2025 programu ya kupokea wakimbizi ilisimamishwa, na wengine walikuwa tayari na tarehe ya ndege. Hapa kambini tunawajua waliouza vitanda na masufuria yao ile wiki. Wengine wamenunua tena, wengine bado wanaazima kwa jirani. Kama wewe ni mmoja wao, au kama unafanya kazi ya faili na unajua kinachoendelea sasa, njoo ofisi yetu ya vijana Jumamosi mchana, tutakaa. Hatuahidi burito. Mama wa vyeti vinne atakuwa mlangoni kama kawaida, kikomando kiko.

Wiki ijayo wenzetu wa cherehani wataandika juu ya kitenge na namna kilivyofika kwetu kutoka Uholanzi.